Ndege na familia: lenzi moja ya 18-300 au mbili tofauti?

Kurumbiza_Kichakani aliuliza:

Wakuu, habari za muda huu. Natumia kamera ya Nikon ya kioo (DSLR) yenye sensa ya DX (ile ndogo, inayobana upana wa picha) pamoja na lenzi yake ya 18-55 mm f/3.5-5.6. Kazi ni mbili: ndege, hasa wadogo wa vichakani na mara chache wanaoruka, na picha za familia ndani ya nyumba jioni, watoto wasiotulia hata sekunde. Nimebaki na machaguo matatu: 18-300 mm inayofanya yote, 70-300 mm, au 150-600 mm iliyokwisha kutumika. Nikichukua 150-600 pesa imeisha. Nikichukua 70-300 inabaki ya kuongezea lenzi ndogo. Mnashauri nini, na kwa sababu gani? Nawasilisha.

Sensa_Safi alijibu:

Mkuu, 18-300 iondoe kwenye orodha. Ndani ya nyumba haikuongezei mwanga wowote kuliko hiyo 18-55 uliyonayo, na upande wa ndege, lenzi za aina hiyo hulegea ukali pale pale kwenye 300 mm unapouhitaji. Nyingi pia zinapofokasi karibu hupoteza urefu: ndege akiwa mita 3, ile 300 inafanya kazi kama lenzi fupi zaidi.

Sasa tupige hesabu, maana watu huchagua lenzi za ndege kwa kukisia. Chukua urefu wa ndege, zidisha kwa urefu wa lenzi (zile mm zake), gawanya kwa umbali, vyote kwa milimita. Ndege wa sm 15 aliye mita 10, kwa 300 mm: 150 × 300 ÷ 10,000 = mm 4.5 juu ya sensa. Sensa yako ina kimo cha karibu mm 16, kwa hiyo ndege anachukua zaidi kidogo ya robo ya kimo cha picha. Kwa 600 mm anachukua zaidi ya nusu. Kwa 55 mm hafiki hata milimita moja, ndiyo maana picha zako za sasa zina nukta badala ya ndege.

Lakini angalia hesabu ile ile kwa upande wa pili: 300 mm ukiwa mita 5 inakupa ndege sawasawa na 600 mm ukiwa mita 10. Kama ndege wako huzoea watu, au unaweza kukaa kimya karibu na maji wanapokuja kunywa, 70-300 inatosha. Kama ni ndege wa ziwani au wa nyika pana, haitatosha, na kukata picha sana kwenye kompyuta hakurudishi manyoya ambayo sensa haikuyaona.

Bawa_na_Mwanga alijibu:

Nakubaliana kuhusu 18-300, ila 150-600 isipewe sifa bila gharama zake. Ina uzito wa karibu kilo 2. Ukiishika mkononi dakika 10 mikono inaanza kutetemeka na fokasi inahama kutoka jichoni kwenda bawani. Kwenye 600 mm inafungua hadi f/6.3 tu (namba ya f ikikua, tundu la lenzi na mwanga hupungua), na nyingi huwa kali zaidi kwenye f/8. Hapo asubuhi na mapema chini ya miti utajikuta ISO 6400 (wepesi wa sensa kwa mwanga, ukipanda sana picha hujaa chembechembe) kabla hujapata kasi ya shata, yaani muda mfupi wa kupiga picha, ya maana.

Kosa linalowaangusha wengi ni kutegemea VR, kitulizaji kilicho ndani ya lenzi. VR hutuliza mtikisiko wa mikono yako, haimtulizi ndege. Aliyetua bado hugeuza kichwa ghafla, kwa hiyo usishuke chini ya 1/500 ya sekunde, na 1/1000 ni salama zaidi. Anayeruka anataka 1/2000 au zaidi. Weka modi ya M, shata na aparcha (tundu la lenzi) uchague mwenyewe, ISO iwe ya otomatiki. Fokasi iwe AF-C (inayomfuata ndege mfululizo), pointi moja kwa ndege wa kichakani, la sivyo kamera itashika tawi lililo mbele yake.

Jambo jingine ni mvuke wa joto. Mchana wa jua kali, ndege aliye mita 60 atatoka mlegevu kwa lenzi yoyote, kwa sababu hewa iliyo katikati inachemka. Watu hurudisha lenzi nzima kabisa kwa kosa la hewa. Jaribu lenzi asubuhi, kitu kikiwa mita 10.

Na telekonveta (kirefusho kinachofungwa kati ya lenzi na kamera) sahau: ya 1.4 inageuza f/6.3 kuwa f/9, na kamera nyingi za kioo hazifokasi tena hapo.

Taa_ya_Sebuleni alijibu:

Niseme upande wa familia, maana umesahaulika. Chukua 35 mm f/1.8 ya DX. Kwenye 35 mm, lenzi yako ya sasa inafungua hadi karibu f/4.5, f/1.8 inaingiza mwanga mara 6 hivi. Picha iliyodai ISO 6400 itadai kama 1000, na rangi ya ngozi inabaki rangi ya ngozi. 50 mm ni nzuri kwa sura, ila kwenye DX sebuleni utagonga ukuta kwa mgongo kabla familia haijaenea.

Usiiache f/1.8 muda wote. Mtoto mmoja aliye mita 2: eneo lililo kwenye fokasi lina kina cha sm 23 hivi, linatosha. Ukimsogelea hadi mita 1.2 linabaki sm 8: jicho la karibu kali, sikio limepotea. Watu wa safu mbili wanataka f/4 au f/5.6. Watoto wanaocheza, shata 1/250 kwenda juu. Taa za LED za bei rahisi humemeteka. Ukiona picha moja ng'avu na inayofuata giza, shuka hadi 1/100 kama umeme ni wa 50 Hz.

Kurumbiza_Kichakani aliandika:

Asanteni sana wakuu. Ndege wangu wengi wako mita 6 hadi 10, basi ni 70-300 na 35 mm. Kuna cha kukagua kabla ya kulipa?

Sensa_Safi alijibu:

Kipo, soma jina lote. AF-P DX 70-300 (AF-P ni lenzi za Nikon zenye mota mpya ya fokasi) zipo mbili zinazofanana. Chukua yenye herufi VR. Tena AF-P hazifokasi zenyewe kwenye bodi (kamera zenyewe bila lenzi) za zamani kama D90, D3100 na D5100. Na bodi za mfululizo wa D3000 na D5000 hazina mota ya fokasi ndani, hivyo lenzi za zamani za AF-D, zisizo na mota yao, utazungusha kwa mkono.

Kama imetumika, ipitishie tochi kutoka nyuma: nyuzi nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, iache. Halafu piga ukuta wa matofali ukiwa sambamba nao, kamera juu ya tripodi, VR imezimwa, 300 mm, aparcha wazi kabisa. Upande mmoja ukiwa mlegevu kuliko mwingine, vioo vya ndani ya lenzi vimehama. Rudia mara 2 kuhakikisha haikuwa wewe uliyesimama mshazari.