Studio ya michezo ya video ya Montréal inanipa dola 450 kwa mwezi: je, nitie sahihi?

Kijana_wa_Kamalondo

Wakubwa na ndugu zangu, jambo kwenu.

Nina miaka 26, ninaishi Kamalondo hapa Lubumbashi, na nilimaliza masomo ya usanifu wa picha kwa kompyuta mwaka juzi. Tangu hapo nimekuwa nikichora matangazo ya maduka, kadi za arusi na vibao vya makanisa, kazi ambazo mteja hulipa nusu anapoagiza na nusu nyingine siku akikutana nawe njiani kwa bahati mbaya.

Wiki iliyopita studio moja ya michezo ya video ya Montréal, kule Kanada, ambayo sitaitaja kwa sababu wamenitumia pia karatasi ya usiri, ilinipa mkataba wa miezi sita wa kuwatengenezea modeli za pande tatu kwa programu ya Blender: viti, mapipa, milango, masanduku, yaani vitu ambavyo mchezaji hupita bila kuvitazama. Wanataka modeli 18 kila mwezi, kila moja kwa dola 25, jumla dola 450. Kwa hesabu za huku kwetu hizo si fedha za kudharau; rafiki niliyesoma naye anafundisha sekondari na hafikii nusu yake.

Kabla ya kutia sahihi nilitafuta maoni ya watu waliofanya kazi katika studio hiyo, wa sasa na wa zamani, na baada ya kuyasoma usiku mzima nimebaki njia panda. Karibu wote wanawasifu wenzao na wanasema wamejifunza mengi. Lakini wale wale wanaosifu wanaeleza kwamba mishahara iko chini ya ile ya studio jirani, kwamba miezi miwili kabla ya mchezo kutoka hakuna anayerudi nyumbani mapema, na kwamba bonasi wanayoahidiwa imefungwa kwenye mauzo ambayo hawaonyeshwi hesabu yake. Hao ni watu walioajiriwa huko huko, wenye likizo na bima. Mimi mkataba unaniita “mtoa huduma huru”. Je, malalamiko yao yananihusu, au yangu yatakuwa ya namna nyingine kabisa? Na kuna yeyote kati yenu aliyefanya kazi ya aina hii akiwa hapa nyumbani?

Yaya_wa_Bel_Air

Mdogo wangu, nimeifanya kazi hiyo kwa miaka miwili, kwa studio nyingine ya ng'ambo ambayo nami sitaitaja. Ziache kwanza hizo dola 450, ufungue mkataba wako utafute neno “kukubaliwa”. Kama umeandikwa kwamba kila modeli italipwa “baada ya kukubaliwa”, bila kusema nani anakubali, kwa muda gani na baada ya masahihisho mangapi, basi hujaahidiwa dola 25 kwa modeli. Umeahidiwa dola 25 kwa siku ambayo mtu usiyemjua ataamka ameridhika.

Nikupe mfano wa kisima. Waliniagiza kisima cha kijiji, chenye ukingo wa mawe, kamba na ndoo ya mbao, nami nikakimaliza kwa siku mbili. Jibu la kwanza lilisema mawe ni safi mno, yachakazwe. Nikayachakaza, nikaweka na ukungu upande wa kivuli. La pili likasema ndoo ina poligoni nyingi, yaani vile vipande vidogo bapa vinavyounda umbo, mchezo utakuwa mzito, nikazipunguza. La tatu likataka kamba isokotwe kwa upande mwingine, kwa kuwa mchoraji mkuu alikuwa amebadilishwa na huyu mpya alipenda hivyo. Katika awamu ya sita nikajulishwa, kwa maneno ya adabu sana, kwamba kisima kimeondolewa katika mchezo. Kwa kuwa hakikukubaliwa, hakikulipwa. Faili lake bado ninalo, na kwa kweli ndicho kitu kizuri kuliko vyote nilivyotengeneza mwaka ule.

Mwezi huo nilituma vitu 14, vikakubaliwa 9, na kwa dola 20 kila kimoja nikapata dola 180. Nilikuwa na daftari ambamo niliandika saa zangu, zikafika 230. Ukigawa, utaona saa moja haikufika senti 80, na hapo sijatoa petroli ya jenereta wala vifurushi vya intaneti. Umeme wa mtaa wetu ulikuwa na desturi ya kurudi saa sita usiku, kwa hiyo nilikuwa nikilala jioni kama mlinzi na kuamka watu wanapolala. Usiku mmoja kompyuta ilikuwa imefika asilimia 93 ya kutoa picha ya mwisho, nikasikia feni inapunguza mlio, kisha kimya. Nilikaa gizani dakika kumi nzima kabla ya kutafuta simu yenye tochi.

Jambo la saa pia ulifikirie. Montréal iko nyuma yetu kwa saa sita au saba kulingana na majira, kwa hiyo wao watakapofungua kazi asubuhi, kwetu ni saa tisa au saa kumi alasiri. Mkutano wanaouita wa mchana utakukuta saa tatu ya usiku, na ule wa mwisho wa siku yao utakukuta saa tano.

Sikukatazi. Kazi hiyo ilinifundisha kuliko darasa lolote, na mashine ninayoandikia nimeinunua kwa fedha zake. Ila soma hilo neno moja kwanza, kisha urudi utuambie limeandikwaje.

Mjumbe_mstaafu

Mwanangu, mimi michezo ya video naiona kwa wajukuu tu, lakini nilikuwa mjumbe wa wafanyakazi katika migodi kwa miaka mingi, na mkataba ni mkataba, uwe wa sululu au wa kompyuta.

Sheria yetu ya kazi, ile namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamtambua mfanyakazi kwa jambo moja kubwa, nalo ni kwamba anafanya kazi kwa malipo chini ya uongozi na mamlaka ya mwingine, hata mkataba ukimwita jina gani. Aliye hivyo ana haki ya wiki isiyozidi saa 45 na siku isiyozidi saa 9. Saa sita za kwanza za ziada katika wiki huongezwa asilimia 30, zinazofuata asilimia 60, na kazi ya siku ya mapumziko asilimia 100. Mwajiri humwandikisha CNSS, yaani mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, hukata asilimia 5 ya mshahara kwa ajili ya pensheni na kuongeza sehemu yake mwenyewe. Na mkataba usioandikwa huhesabiwa kuwa wa muda usio na kikomo mpaka kuwe na ushahidi wa kinyume, jambo ambalo limewaokoa wengi walioambiwa kwamba wao ni vibarua tu.

Sasa hayo yote yanabaki nje ya mlango wako kwa neno hilo “mtoa huduma huru”. Inawezekana kabisa kwamba wakikupangia saa, wakikuamuru kuhudhuria mikutano na kukuzuia kuwafanyia wengine, wewe ni mfanyakazi kwa maana halisi ya sheria. Lakini mkaguzi wa kazi wa Lubumbashi atabisha mlango gani, mwenye kazi akiwa Montréal? Tazama pia ukurasa wa mwisho: nina hakika wameandika kwamba mgogoro utaamuliwa na mahakama za huko kwao, nawe kwa modeli ya dola 25 hutapanda ndege kwenda kushitaki. Kwa hiyo ulinzi wako wote uko kabla ya sahihi.

Mchimbaji wa kobalti kule Kolwezi, pamoja na manung'uniko yote kuhusu mizani, angalau huona gunia lake likipimwa. Modeli yako itapimwa katika chumba usichoingia, basi uwaombe wakuandikie kipimo chenyewe.

Msomaji_wa_Ruashi

Niongeze kuhusu swali lako la kwanza, kama malalamiko ya waajiriwa wa huko yanakuhusu. Yanakuhusu, lakini yanakufikia yakiwa yamebadilika sura.

Kazi ya kukesha kabla ya mchezo kutoka si tabia ya studio moja. Mwaka 2004 mchumba wa mfanyakazi mmoja wa Electronic Arts, kampuni ya michezo ya Marekani, aliandika barua ya wazi akieleza jinsi mwenzake alivyokuwa akifanya kazi siku saba kwa wiki bila malipo ya ziada. Kesi zilizofuata ziliishia kwa kampuni kukubali kulipa dola milioni 15.6 kwa wachoraji na milioni 14.9 kwa waandishi wa programu. Miaka 16 baadaye, mwaka 2020, kampuni ya michezo ya CD Projekt ya Poland, ambayo viongozi wake walikuwa wametangaza hadharani kwamba hawatalazimisha watu kukesha, iliwaamuru wafanye kazi siku sita kwa wiki ili wamalize mchezo uliokuwa umeahirishwa mara kadhaa. Hao walilipwa saa zao za ziada, kwa sababu sheria ya nchi yao inataka hivyo.

Hapo ndipo tofauti yako inapoingia. Haraka ya studio inapoanza, mwajiriwa wa ndani hulemewa na saa, naye hulalamika. Mtu wa nje anayelipwa kwa kipande hulemewa na marekebisho, kwa kuwa kila uamuzi unaobadilishwa huko juu humrudia yeye kama “tafadhali badilisha kidogo”. Hesabu za studio hazionyeshi gharama yoyote, kwa kuwa hiyo kidogo hailipwi. Na shoka linapoanguka, yeye hahesabiwi: Microsoft ilipotangaza Januari 2024 kwamba inaondoa watu 1,900 katika kitengo chake cha michezo, idadi hiyo ilikuwa ya waajiriwa. Mwenye mkataba wa miezi sita haondolewi kazini. Mkataba wake haurudiwi, basi.

Kwa kuwa sisi tunasoma Kifaransa, nakushauri utafute maandishi ya chama cha wafanyakazi wa michezo ya video cha Ufaransa, STJV, kilichoanzishwa mwaka 2017. Wanazungumzia mishahara, saa za kazi na mikataba mifupi kwa lugha ya kawaida. Sheria zao si zetu, lakini maswali wanayowafundisha vijana kuuliza kabla ya kuajiriwa yanafaa popote.

Jambo moja nisilokubaliana na Yaya: uzoefu haukufai kitu kama huruhusiwi kuuonyesha. Ile karatasi ya usiri inasema nini kuhusu kazi zako baada ya mchezo kutoka? Na jina lako litaandikwa katika orodha ya watengenezaji mwishoni mwa mchezo, au watu wa nje watafichwa chini ya neno moja? Mwajiri wako wa pili hataki kusikia hadithi ya kisima, anataka kukiona.

Yaya_wa_Bel_Air

Hapo umenishinda, Msomaji. Kisima changu sijakionyesha kwa mtu mpaka leo, na sababu ni hiyo karatasi.

Himbi_Goma

Poleni na kazi. Mimi niko Goma na natafsiri maandishi ya michezo, sichori. Nitasema neno moja tu, la njia ya malipo. Tangu benki zilipofungwa hapa Januari 2025, fedha zangu hufika katika akaunti ambayo siwezi kuigusa bila kuvuka mpaka kwenda Gisenyi, na nauli pamoja na siku nzima iliyopotea ni sehemu ya mshahara. Wewe Lubumbashi huna shida hiyo, ila uliza nani anabeba gharama ya kutuma. Mara ya kwanza nilitumiwa dola 400, zikafika 361, kwa kuwa benki za katikati zilikuwa zimekula njiani, na studio ikanijibu kwamba kwa upande wao imetuma kamili. Ni kweli ilituma kamili.

Kijana_wa_Kamalondo

Wakubwa, nawashukuru. Nilisoma upya mkataba wote na neno limo, katika kifungu cha nne: “malipo yatafanyika siku 30 baada ya kukubaliwa kwa modeli”. Hakuna idadi ya masahihisho. Mahakama ni za Québec, jimbo la huko kwao, kama Mzee alivyosema bila hata kuuona.

Niliwaandikia kwa upole nikaomba mambo matano: masahihisho yasizidi awamu mbili, kila awamu ya ziada ilipwe dola 5, modeli inayofutwa baada ya kuanza ilipwe kamili, gharama ya kutuma fedha iwe yao, na jina langu liandikwe mwishoni mwa mchezo. Nilidhani watakasirika. Walijibu kesho yake. Wamekubali awamu tatu, na ya nne kulipwa dola 5. Modeli iliyofutwa italipwa nusu. Gharama ya kutuma wameichukua yote, ila malipo yatakuwa mara moja kwa mwezi. Kuhusu jina, wamesema utaratibu wao ni kuandika waajiriwa peke yao, lakini nitaruhusiwa kuonyesha modeli zangu miezi mitatu baada ya mchezo kutoka. Wamenipa mpaka Ijumaa.

Mjumbe_mstaafu

Hiyo siyo haba kwa barua moja. Hakikisha yote yameingizwa ndani ya mkataba wenyewe, yasibaki katika barua pepe, na uniletee hizo kurasa kabla ya Ijumaa nizipitie.

Yaya_wa_Bel_Air

Waulize jambo moja zaidi, mdogo wangu, kabla Mzee hajavaa miwani. Wakikutumia maoni kumi Jumatatu, kisha mengine mawili Jumanne kabla hujarudisha faili, je, hiyo ni awamu moja au mbili?