Mzee anakula lakini anakonda tu, shida iko wapi?

mvuvi_dunga
Habari za jioni wadau. Mzee wangu ako na kansa ya mapafu, tuko naye hapa Kisumu tangu Februari juu ya kliniki. Alikuja na kilo 74, sai ako 61, mshipi ametoboa mashimo mawili mapya na bado suruali inateleza. Kitu inanichanganya ni kwamba anakula, sio kama zamani lakini samaki anamaliza, uji wa wimbi anamaliza, na mapaja yamebaki kama ya mtoto. Sasa dada zangu wakitoka Siaya kumwona wanamwangalia mke wangu vibaya ati hamlishi mzee, mmoja alisema hivyo mbele ya wageni. Daktari alitaja inflamesheni haraka haraka akaita mgonjwa mwingine. Inflamesheni na misuli zinajuana wapi jameni?

sista_naks
Mpe mke wako pole kwanza, hana makosa. Hiyo inaitwa kakeksia na sio njaa ya kawaida. Mtu akikosa chakula mwili unachoma mafuta na misuli unaichunga, ukimlisha anarudi. Kwa kansa, uvimbe wenyewe wa kansa pamoja na zile seli za kinga zinazopigana nao zinamwaga kwa damu kemikali kama TNF na interleukini 6, hiyo ndio inflamesheni yenyewe, usitafute mahali pamefura ushike na mkono, ni moto wa mwili mzima. Zikifika kwa misuli zinawasha mitambo ya kuvunja protini na ile ya kujenga inapoa, ini nalo linaanza kutengeneza protini za dharura kama CRP na malighafi yake inang'olewa kwa hiyo hiyo misuli. Ni kama mnang'oa nguzo za nyumba mpate kuni, halafu mnashangaa mbona inainama. Na zinafika mpaka kwa ubongo zinaua hamu ya kula, kwa hivyo hicho samaki anamaliza ni bidii tu ya mzee.
Mwaka 2011 wataalamu walikubaliana kwamba mgonjwa wa kansa akipoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito ndani ya miezi 6 bila kujinyima, hiyo ni kakeksia, na chakula peke yake hakiwezi kuirudisha yote. Mzee wako amepita 17.

boychild_kk
Kama ni moto si uzimwe? Brufen na manjano, hiyo si pesa mingi

sista_naks
Weka hiyo brufen chini bana. Mtu akiwa kwa kemo, zile dawa za kuua kansa, inaweza kumharibia figo na kumtoa damu tumboni. Halafu usidhani watu hawajajaribu. Kulikuwa na kemikali ya kukondesha watu wanaiita kakektini, mwaka 1985 ndio ikajulikana hiyo na TNF ni kitu kimoja, matumaini yakapanda, lakini dawa za kuizuia zilipopewa wagonjwa wa kansa hazikuokoa misuli. Ukizima TNF, hizo zingine zinaendelea kuwaka.

mama_bungoma
Nimeuguza bwanangu na kansa ya kongosho najua hiyo safari. Sisi tulikuwa tunamlazimisha, sahani kubwa, anatapika, tunagombana, kila mtu analia. Tukaacha tukaanza kidogo kidogo mara sita kwa siku, mala, mayai, omena imesagwa inatiwa kwa uji, na kila jioni anatembea mpaka kwa geti na kurudi. Maumivu nayo yashughulikiwe, mtu anaumwa hatakula. Daktari aliandika olanzapini, nikagugo nikaona ni dawa ya wagonjwa wa akili nikataka kuitupa!! Kumbe dozi ndogo inaleta hamu

sista_naks
Kweli. Kuna utafiti wa India ulitoka 2023, miligramu 2.5 kila siku pamoja na kemo, wengi waliongeza uzito. Lakini aandike daktari wake, inaleta usingizi na ana dawa zingine.

mvuvi_dunga
Asanteni sana, mke wangu amesoma zote mara mbili. Sista, hiyo CRP ni ya kuitisha mwenyewe?

sista_naks
Muulize daktari, na albumini pia, hiyo ni protini nyingine ya damu. Lakini usiende maabara mbio, mizani na mapaja yashakuambia.

mvuvi_dunga
Sawa. Dada anakuja Jumamosi, nitampatia yeye kijiko.