Kioo cha nyuma cha kanopi ya Hilux kimevunjika: Perspex, bati au nivue kanopi kabisa? Na mafuta je?

mbegu_na_dawa
Wakuu habari za majukumu. Nina Hilux double cabin ya dizeli yenye kanopi ya faiba (lile paa la kufunika sehemu ya mzigo), kila baada ya wiki mbili napandisha mbegu na dawa za mifugo kutoka Dar kwenda Iringa. Safari iliyopita tukiwa tunapakia, kijana kafunga mlango wa kanopi huku ncha ya bomba imetokeza, kioo chote kikamwagika chini punje punje. Nikabandika nailoni na solotepu nikaondoka hivyo hivyo maana wateja walikuwa wanasubiri. Sasa kilichonishtua ni mafuta. Mara ya mwisho nilivyoshuka kutoka Iringa kioo kikiwa kizima nilipata kilomita 11.4 kwa lita, safari hii ya kupanda nimepata 10.2, yaani kwa zile kilomita 500 ni kama lita 5 zimeliwa na upepo. Nimeambiwa kioo chenyewe mpaka kiagizwe na bei si ya kitoto, wengine wanasema weka Perspex (ile plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo), wengine kata bati, kuna mmoja kanishauri nivue kanopi kabisa nifunge turubai. Naomba kusikia kwa aliyefanya kweli.

kijana_wa_gerezani
Mkuu mimi nilikata Perspex ya milimita 5, mwaka wa pili huu. Fundi atoboe matundu makubwa kidogo kuliko bolti na aweke washa za raba, kwa sababu ile kitu inatanuka ikipigwa na jua, akibana sana inapasuka kuanzia kwenye tundu. Na usije ukaifuta kwa petroli wala thina, inaota nyufa ndogo ndogo kama utando wa buibui. Maji na sabuni basi. Mikwaruzo haikwepeki kwa vumbi letu hili, yangu usiku taa za gari la nyuma zinaonekana kama ukungu. Mafuta sikuwahi kupima.

kipimo_cha_pampu
Kaka umelinganisha kushuka na kupanda halafu lawama ukaipa kioo. Dar iko usawa wa bahari, Iringa iko juu kwenye mita 1,500 na zaidi kidogo. Piga hesabu na mimi: gari na mzigo tufanye tani mbili na nusu, kulinyanyua mita 1,500 ni kama megajuli 37 za nishati. Lita moja ya dizeli ina kama megajuli 36 lakini injini inageuza theluthi tu kuwa kazi, nyingine inapotea kama joto, kwa hiyo kupanda peke yake kumekula kama lita 3, na ulipokuwa unashuka mlima huohuo ulikusaidia ukatumia pungufu. Halafu ulishuka mtupu ukapanda umebeba. Hizo lita 5 zako zimeisha hapo, kioo hakijaingia hata kwenye hesabu.

Kioo cha nyuma kipo sehemu ambayo upepo umeshaachana na gari. Hewa ikipita juu ya kanopi inafika mwisho inakatika, nyuma pale panabaki mzunguko mzunguko tu, kioo kiwepo kisiwepo. Ingekuwa kimevunjika cha ubavuni na cha nyuma vyote kwa pamoja, upepo ungekuwa unaingia huku unatokea kule, hapo labda tungeongea kidogo. Ukitaka kujua kweli pima safari nzima kwenda na kurudi, pampu ileile, uzito uleule, mara kadhaa, maana pampu kukata mapema au kuchelewa tu kunakupa tofauti ya lita nzima.

mbegu_na_dawa
Aisee mlima sikuufikiria kabisa, na kweli nilishuka mtupu. Ila mkuu ile gari ilikuwa inavuma mpaka naongea na msaidizi wangu kwa kupiga kelele, nikasema lazima inavutwa nyuma hii.

mtito_hadi_voi
Niko Nairobi, mimi nilitoa canopy nikafunga turubai kwa sababu hiyo hiyo ya mafuta. Sikuona kitu. Canopy ya fiber ni kilo 60 hivi kwenda juu, na Idara ya Nishati ya Marekani inasema kila kilo 45 unazoongeza zinapunguza kama asilimia 1 ya mwendo wako kwa lita, sasa piga hesabu utaokoa nini. Turubai nayo usipoikaza vizuri upepo unaingia chini inapigapiga kama tanga njia yote ya Mombasa, na kwa jam vijana wanakata kamba wanatoa mzigo ukiwa umeketi ndani. Kwa mtu anayebeba dawa usijaribu, bana. Niliirudisha baada ya miezi mitatu.

mama_vifaranga
Naomba nisomwe vizuri jamani kwa sababu mnaongelea mafuta na mimi naona hatari nyingine kabisa. Nilikuwa na pikapu ya petroli yenye kanopi, kioo cha nyuma kikavunjika nikaweka nailoni kama wewe. Nikapakia vifaranga vya siku moja, na kile kidirisha kati ya kabini na kanopi nikakiacha wazi ili niwasikie. Mwanangu alikuwa siti ya nyuma. Kabla ya Mikumi akaanza kulalamika kichwa, mara anataka kutapika, nikajua ni gari tu inamsumbua. Tukasimama, akakaa kivulini akapata nafuu akanywa na soda. Tumerudi barabarani hata nusu saa haijafika, kichwa tena. Ndipo nikashuka kuangalia vifaranga, maboksi ya nyuma kabisa, yale yaliyo karibu na nailoni, karibu yote yamekufa, na ukutani mwa kanopi ukipitisha kidole unatoka na masizi.

Fundi akanieleza kwamba gari likikimbia nyuma yake panakuwa na mvuto, moshi wa ekzosi badala ya kubaki barabarani unarudi na kuingia pale palipo wazi. Ile kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi. Dizeli inatoa kidogo kuliko petroli, sawa, lakini masizi na gesi nyingine iko nayo. Kaka yangu, mpaka utakapoziba, funga hicho kidirisha, feni iwe inavuta hewa ya nje, na binadamu asipande huko nyuma hata kama ni kilomita kumi. Ule mvumo uliousikia ni hewa inaingia na kutoka, na ndiyo inayobeba moshi.

kipimo_cha_pampu
Dada pole sana. Hili ndilo la kwanza, mafuta yasubiri.

fundi_raba
Kioo kile cha kuvunjika punje huwezi kumpelekea fundi vioo akipunguze, kikishapitishwa kwenye joto kiwandani hakikatiki tena, ukikigusa kinamwagika. Ndiyo maana wanakwambia kiagizwe. Bati linaziba moshi vizuri ukiweka raba na silikoni, ila unapoteza kuona nyuma kwa kioo cha ndani, unabaki na vya pembeni, na mlima wa Kitonga na yale malori mimi sikushauri. Mbao za plaiwudi zinanyonya mvua, mwezi tu zimevimba. Mimi ningeenda na polikaboneti, nayo ni plastiki ya kuona, ni ngumu kuliko Perspex na haipasuki kirahisi ukitoboa, ila chukua yenye tabaka la kuzuia jua, la sivyo inakuwa njano. Lolote utakaloweka, pesa tumia kwenye raba, maana raba ikiwa mbovu hata kioo orijino kinapitisha moshi na vumbi.

kipimo_cha_pampu
Na lita zako kazitafute hapa: ukikimbia 110 badala ya 90, nguvu ya upepo inaongezeka karibu nusu yake. Upepo wa tairi unapimwa kwa psi, kila psi 1 ikipungua kwenye tairi zote unapoteza kama asilimia 0.2, na wabeba mizigo wengi tunatembea tumepungukiwa psi 8 au 10.

mbegu_na_dawa
Nimewasoma wote, dada asante sana, leo asubuhi nimepitisha kitambaa cheupe ndani ya kanopi kimetoka cheusi, na katoni za dawa ambazo hazikuisha zinanuka moshi. Kumbe msaidizi wangu naye alikuwa akilalamika kichwa tangu Ruaha Mbuyuni, nikamwambia ni njaa. Nimeagiza kioo chenyewe, nikisubiri nafunga polikaboneti kesho na raba mpya mlango mzima. Tairi nimepima: zote nne ziko chini, ya nyuma kushoto ndiyo mbaya zaidi, pungufu psi 9.