Mshauri wa maombi ya MBA (shahada ya uzamili ya biashara) ng'ambo: tunamlipa kwa kazi gani hasa?

Mleta mada, Dar es Salaam

Naomba tuijadili mada hii kwa utulivu, kwa sababu kila mwaka ifikapo Julai, wakati watu wanajiandaa kwa duru ya kwanza ya maombi, ile ya Septemba, swali huwa ni lilelile: "Nitajieni mshauri mzuri." Sijaona anayeuliza mzuri kwa kazi gani. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kumlipa mtu akusaidie kuomba nafasi katika shule ya biashara ya ng'ambo si dhambi, ila wengi wetu tunamchagua kwa orodha ya shule anazodai "ameingiza" watu, ilhali mambo mawili ya kuuliza ni nani anayemlipa yeye, na kalamu iko mkononi mwa nani.

Nayasema haya kwa sababu yamenikuta. Nilifanya kazi benki Kahama kwa miaka minne. Rasimu yangu ya kwanza ya insha ilianza na Ijumaa moja pale dirishani: mchimbaji mdogo ameleta noti zenye vumbi jekundu, amezifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli, anataka kumtumia mtu fedha lakini hataki kabisa kufungua akaunti, kwa kuwa kaka yake alipofariki familia ilihangaika na mirathi miezi kumi na mmoja kabla ya kuruhusiwa kutoa hata shilingi moja. Rasimu iliyorudi kutoka kwa mshauri niliyemlipa dola 1,800 ilikuwa imemfuta mchimbaji yule. Mahali pake paliwekwa sentensi isemayo kwamba tangu utotoni nimekuwa na ari ya kuleta ujumuishi wa kifedha barani Afrika. Utotoni mimi nilitaka kuwa mwalimu wa michezo. Nilituma insha ile hivyo hivyo, kwa sababu nilikuwa nimeshalipa na Kiingereza chake kilikuwa kinang'aa kuliko changu. Shule zote mbili hazikuniita hata kwenye usaili. Sidai kwamba sentensi ile ndiyo iliyonikosesha nafasi, kwani shule hazisemi sababu, lakini nikiisoma leo simwoni mtu ndani yake.

Sasa tutenganishe watu wawili ambao mtaani wote tunawaita mawakala. Wa kwanza analipwa na chuo: anakupeleka kwenye vyuo alivyo na mkataba navyo, wewe humlipi au unamlipa kidogo, na chuo kinamtumia kamisheni ukishasajiliwa. Uingereza jambo hili ni la kawaida. Marekani, sheria ya shirikisho inavikataza vyuo vinavyopokea fedha za misaada ya masomo kuwalipa waandikishaji kwa kila kichwa wanachokileta, lakini imeacha mlango wazi kwa wanafunzi wa kigeni wanaoishi nje ya nchi hiyo, yaani sisi. Wa pili analipwa na mwombaji mwenyewe. Ukimwuliza yule wa kwanza ni shule ipi kati ya tatu inayokufaa, jibu lake lina bei ambayo wewe huioni. Ukimwuliza wa pili kama uombe mwaka huu au usubiri mwakani, jibu lake nalo lina bei, kwa sababu ukisubiri hapati kitu.

Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, huwatambua mawakala wa aina ya kwanza, na anayekwenda kusoma nje huelekezwa apate cheti cha kutokuwa na pingamizi. Yule wa aina ya pili, anayekaa Dar, London au Boston na kukutana nawe kwa video, hayumo katika daftari la mtu yeyote. Je, naye asajiliwe?

Mchangiaji, Nairobi

Dada mleta mada, pole kwa yaliyokupata, lakini usitwike kazi nzima kosa la mtu mmoja. Mimi nilimlipa mshauri na sijutii. Alinipigia simu mara nne kabla sijaandika neno, na mara zote alikuwa akiuliza tu: kwa nini uliacha ukaguzi wa hesabu, nani alikasirika ulipoacha, ungefanya nini kama usingepata nafasi popote. Swali la pili lilinikera sana, nami nikagundua baadaye kwamba insha yote ilikuwa humo. Hakuandika sentensi hata moja. Aliweka alama ya kuuliza pembeni na kunirudishia, na rasimu moja ilirudi na alama kumi na tisa.

Jambo la pili alilonifanyia ni kunizuia. Nilitaka kuomba shule sita za Marekani za miaka miwili, naye akanionyesha kwa hesabu kwamba, kwa umri wangu wa miaka thelathini na tatu na familia niliyonayo, programu ya miezi kumi ya INSEAD, shule ya biashara ya Ufaransa, au ya mwaka mmoja kama ile ya Oxford, ingenigharimu mshahara mdogo zaidi wa kupoteza. Nikaomba mbili badala ya sita, na malipo yake yakapungua kwa sababu alikuwa akitoza kwa kila shule. Mtu anayepunguza bili yake mwenyewe ili mteja asipotee, huyo nitamtaja kwa ndugu zangu bila wasiwasi.

Kuhusu usajili, mimi sina imani nao. Mwaka 2023 wazazi wa Uasin Gishu waliandamana mjini Eldoret wakidai fedha walizolipa ili watoto wao wakasome Finland na Kanada, na mpango ule haukuwa wa wakala wa uchochoroni. Ulipitia mikononi mwa serikali ya kaunti. Kama muhuri wa kaunti nzima haukuwalinda wazazi wale, cheti cha kutundika ukutani kitamlinda nani?

Mchangiaji, Arusha

Naona wote wawili mmekubaliana haraka mno kwamba kulipa ni halali, mkabaki kugombania bei na adabu. Mimi napinga kutoka kwenye shina.

Kuomba shule moja kubwa ya Marekani mara nyingi kunagharimu ada ya maombi ya dola 200 au zaidi, na kabla ya hapo kuna ada ya mtihani wa kuombea nafasi, GMAT au GRE. Ukidahiliwa Harvard, ada ya masomo peke yake inapita dola 70,000 kwa mwaka. Juu ya mlima huo tunamwongeza mtu ambaye kifurushi chake cha shule kadhaa, kwa makampuni makubwa, kinaweza kuvuka dola 10,000. Hivyo mtoto wa mwalimu wa Karatu anashindana na mtoto wa mwenye hoteli ambaye insha yake imepitiwa na mtu aliyewahi kukaa katika kamati ya udahili ya shule hiyohiyo. Nyinyi mnaliita jambo hili ushauri. Mimi naona ni foleni ya pili, ya wenye uwezo, iliyochongwa kando ya foleni tuliyoambiwa sote tusimame.

Isitoshe, kinachouzwa kipo bure. Maswali ya insha huwekwa hadharani na shule zenyewe. EducationUSA, mtandao wa ushauri wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, hautozi ada. Ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza hauna ada ya maombi. Wahitimu wetu wapo, na wengi wao ukiwaandikia barua pepe fupi yenye swali moja la maana watakujibu.

Msisahau pia kilichotokea mwaka 2019, pale Rick Singer, aliyejiita mshauri wa udahili, alipokiri mbele ya mahakama ya Boston kwamba alihonga makocha na kupanga udanganyifu katika mitihani ili watoto wa matajiri waingie vyuo vya Marekani. Januari 2023 alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu na nusu.

Mchangiaji, Dar es Salaam (anafanya kazi hiyo)

Natangaza maslahi yangu kwanza: mimi ni mshauri, nalipwa na waombaji, na sipokei kamisheni ya chuo chochote. Anayeona hilo linatosha kunipuuza aruke maelezo haya.

Kaka wa Arusha, mfano wa Singer ni wa kweli lakini umeuweka mahali pasipo pake. Kesi ile ilihusu shahada ya kwanza, nafasi za wanamichezo bandia na hongo. Ni jinai, kama vile daktari anayeuza figo anavyotenda jinai, na hatufungi hospitali kwa ajili yake. Hoja yako ya foleni ya pili ni nzito zaidi, na sina jibu safi kwayo. Kila mwaka nachukua waombaji wawili bila malipo, na najua kwamba wawili si jibu.

Ninachoweza kuwaambia ni jinsi shule zinavyojilinda, kwa sababu hapo ndipo mleta mada aliumia bila kujua. MIT Sloan, shule ya biashara ya Marekani, inataka video ya dakika moja, ukizungumza mwenyewe mbele ya kamera. Kellogg, nayo ya Marekani, ina maswali ya video. Harvard kwa miaka mingi ilikuwa ikimtaka aliyemaliza usaili aandike tafakari fupi ndani ya saa 24. GMAT ya sasa, yenye alama kuanzia 205 hadi 805, imeondoa sehemu ya insha, lakini GRE bado inayo, na shule inayopokea alama zako inaweza kuisoma insha uliyoandika ndani ya chumba cha mtihani na kuilinganisha na ile uliyoituma. Mwombaji ambaye insha yake ina Kiingereza cha mtu wa New York na video yake ina Kiingereza cha Kahama, ambacho ni kizuri tu, amejichongea mwenyewe.

Mkitaka kumpima mshauri, muulizeni kabla ya kulipa: msimu huu una wateja wangapi wanaoomba shule hiyohiyo katika duru hiyohiyo? Mwenye kumi na watano ataanza kuwagawa nyinyi kwa mafungu, na hadithi zenu zitafanana. Muulizeni pia atafanya nini mkimwomba awaandikie insha. Chama cha kimataifa cha fani yetu, AIGAC, kinakataza wanachama wake kuwaandikia wateja, lakini uanachama ni wa hiari, kwa hiyo jibu la mdomo wake ndilo mtakalolishika. Anayewahakikishia nafasi, ondokeni bila kuaga.

Mchangiaji, Zanzibar

Samahanini kwa kuingia na jambo dogo. Mkuu wangu wa kazi amekubali kunipendekeza, lakini ameniambia niiandike barua mwenyewe kwa Kiingereza kizuri, yeye ataisaini. Mshauri niliyezungumza naye amesema ataiandika kwa dola 150. Je, hili nalo ni ushauri?

Mchangiaji, Dar es Salaam (anafanya kazi hiyo)

Hapana, ndugu yangu, na mshauri huyo mwache leo. Shule zinataka barua iandikwe na mpendekezaji mwenyewe, na fomu hutumwa kwenye barua pepe yake ya kazini. Najua kwetu bosi kusema "andika, nitasaini" ni desturi, na mara nyingi ni ukarimu tu wa mtu mwenye shughuli nyingi. Lakini fomu ambayo shule nyingi zinaitumia kwa pamoja inamtaka aeleze ni ushauri gani wa kukurekebisha aliowahi kukupa, na wewe uliupokeaje. Utajiandikia kosa gani? Utachagua dogo lisilo na aibu, na msomaji ataliona.

Omba nusu saa ofisini kwake. Mpelekee karatasi moja yenye matukio manne mliyoshiriki, kwa tarehe na takwimu, likiwemo moja ulilokosea. Asome, akumbuke, aandike kwa Kiingereza chake. Kamati hazimpimi bosi wako kwa sarufi.

Mleta mada, Dar es Salaam

Nimewasoma wote. Mchangiaji wa Nairobi amenitikisa katika suala la usajili, na nalirudisha nyuma hatua moja: sidai tena cheti kutoka serikalini, nadai mkataba wa maandishi unaotaja kwamba mshauri hapokei fedha ya chuo na haandiki kwa niaba ya mteja. Wa Arusha hajanishawishi kwamba kulipa ni kosa, ila ameniaibisha kidogo, kwa sababu katika miezi yote ile sikumwandikia mhitimu hata mmoja.

Mwaka huu naomba tena, shule tatu, duru ya pili ya Januari. Ijumaa ya Kahama imerudi katika aya ya kwanza, na kipande cha mpira wa baiskeli kimo. Kiingereza chake haking'ai. Nimempata mshauri mwingine anayetoza kwa saa, na mkataba wake wa kurasa mbili uko mbele yangu sasa. Kinachonisumbua ni kifungu cha nne, kinachosema kwamba fedha hazirudishwi "baada ya rasimu ya kwanza kukabidhiwa", bila kusema ni nani anayeikabidhi kwa nani. Nimemwandikia leo asubuhi afafanue, na hajajibu. Kama yupo hapa mwenye kuzoea mikataba, naomba anisaidie maneno ambayo kifungu hicho kingepaswa kuwa nayo, kwa kuwa natakiwa kusaini kabla ya Ijumaa.