Wauza laptop, mnatuuzia vioo vinavyoumiza macho halafu mnatuambia "punguza mwanga"!

Wakuu salaam, wakubwa shikamooni. Leo nimekuja na hasira, mtanivumilia.

Mimi ni mhasibu wa kujitegemea, nashika vitabu vya maduka saba hapa Dar. Kila mwezi kuanzia tarehe 10 hadi 20, siku ya mwisho ya ritani za VAT, naishi ndani ya Excel. Masaa kumi hadi kumi na mbili kwa siku, tarakimu ndogo ndogo kwenye kioo cheupe. Laptop yangu ya zamani nilikaa nayo miaka tisa. Nzito kama tofali, betri imekufa, kitufe cha E nimekigandisha kwa gundi, lakini macho hayakuwahi kunisumbua. Mwaka jana ikafa bodi. Tangu hapo nimenunua laptop mbili, jumla 2,550,000, na hakuna hata moja ninayoweza kuitazama saa nzima.

Ya kwanza ni mtumba wa Ulaya, inchi 14, laki sita na nusu, Kariakoo. Muuzaji alinisomea sifa kama anaghani: Core i5, RAM 16, SSD 512, betri masaa manne. Kuhusu kioo alisema maneno mawili tu, "Full HD, bosi." Pale dukani ilikuwa inaonyesha video ya samaki wa rangi rangi, mwanga umefunguliwa mpaka mwisho. Hilo la mwanga mpaka mwisho likumbukeni.

Usiku nyumbani nikashusha mwanga, kama ambavyo mtu yeyote angefanya. Dakika arobaini, jicho la kushoto likaanza kuvuta, kama kuna uzi umefungwa nyuma yake na mtu anauvuta taratibu. Kichwa kikafuata, halafu kichefuchefu kile cha kusoma gazeti ndani ya basi. Kesho yake hivyo hivyo, keshokutwa hivyo hivyo.

Nikaenda kupimwa. Macho mazima, nikaambiwa, ila umri umefika, nikapewa miwani ya kusomea ya +1.25 na matone ya macho makavu. Sikatai. Nina miaka 44, na ni kweli mtu akikodolea kompyuta anasahau hata kupepesa. Miwani imenisaidia kusoma maandishi ya kwenye vikopo vya dawa. Kwenye laptop maumivu yakabaki pale pale.

Nikauziwa na miwani ya "kuzuia mwanga wa bluu", 45,000. Yule dada alikuwa na kitochi cha bluu na kikadi. Akamulika bila miwani, kikadi kikabadilika rangi, akamulika kupitia miwani, hakikubadilika. Nikashangaa kama mtoto kwenye mazingaombwe, nikatoa hela. Baadaye ndiyo nasoma kwamba mwaka 2023 wale watafiti wa Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za afya, walikusanya majaribio 17 ya miwani hiyo na hawakuona kwamba inapunguza uchovu wa macho wa kompyuta kuliko miwani ya kawaida, angalau kwa muda mfupi. Elfu 45 yangu imeshaliwa.

Na kila ninayemlalamikia ananipa dawa moja: punguza mwanga. Nikipunguza, jicho linazidi. Nilianza kudhani nachanganyikiwa.

Aliyenifumbua ni mpwa wangu, fundi simu. "Mjomba, hebu ilete hapa." Akafungua ukurasa mweupe, akashusha mwanga hadi asilimia 20, akaingia kwenye kamera ya simu sehemu ya Pro, akaweka spidi ya shata 1/2000 (yaani kamera inafunguka sehemu moja tu ya elfu mbili ya sekunde), akailenga laptop. Kwa macho yangu kioo kimetulia tuli. Kwenye simu yake kimejaa michirizi myeusi kama punda milia, inatambaa kwenda juu. Akapandisha mwanga mpaka mwisho, michirizi ikapotea. Akashusha, ikarudi, na safari hii minene zaidi.

Wakuu, kile kioo kilikuwa kinawaka na kuzima. Muda wote! Wataalamu wanaita PWM. Chukulia jiko la gesi. Ukitaka moto mdogo unazungusha kitufe, moto unashuka. Sasa fikiria mtu ambaye badala ya kuzungusha anauacha moto mkubwa, ila anauwasha na kuuzima haraka haraka ili kwa wastani uonekane mdogo. Ndivyo taa za nyuma ya vioo hivi zinavyopunguzwa. Laptop nyingi za namna hii zinawaka na kuzima mara 200 na kitu kwa sekunde. Jicho halioni, ila kwa baadhi yetu kichwa kinahesabu. Na kadiri unavyopunguza mwanga ndivyo kipande cha giza kinavyorefuka. Kwa hiyo ule ushauri wa "punguza mwanga" ndio uliokuwa unanimaliza, na dukani tatizo halionekani kwa sababu dukani mwanga uko mwisho siku zote!

Ya pili ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu niliinunua nikiwa tayari najua. Duka la maana, kiyoyozi, vijana wamechomekea. Nikauliza kabisa, "Hii haiwaki na kuzima?" Kijana akacheka kistaarabu. "Mzee, hii ni OLED, ina stika ya kulinda macho." OLED ni kile kioo ambacho kila kidoto kinawaka chenyewe. Na stika ipo kweli. Nikapumbazwa na ule weusi wa kioo, nikalipa 1,900,000 bila hata kutoa simu mfukoni. Ujinga wangu huo, nakubali. Nilipofika nyumbani ndiyo nikaisoma stika vizuri: inazungumzia mwanga wa bluu tu. Kuwaka na kuzima haikugusa. Kamera ikaonyesha michirizi hata mwanga ukiwa mwisho kabisa. Kumbe OLED nyingi ndivyo zilivyo, nyingine mara 240 kwa sekunde, na kwa kuwa hazina taa ya nyuma, ni vidoto vyenyewe vinavyozimwa.

Siku ya pili nikairudisha. "Mbona inawaka vizuri, mzee?" Nikamwonyesha kwenye simu. "Hiyo ni kamera yako." Akanigeuzia risiti: mali ikishauzwa hairudishwi.

Najua wajuaji wanakuja, "mbona mimi natumia sioni kitu". Hongera. Mke wangu naye anatazama tamthilia kwenye hiyo hiyo OLED masaa matatu, anacheka. Hatufanani. Karanga hazimdhuru kila mtu, lakini kwenye pakiti wanaandika kwamba zimo. Ninachodai ni hicho tu, waandike. Wanajua kuandika uzito wa chaja kwa gramu, washindwe kuandika kioo kinawaka na kuzima mara ngapi? IEEE, chama cha kimataifa cha wahandisi wa umeme, walitoa mapendekezo yao namba 1789 tangu 2015: taa ya LED inayowaka na kuzima kabisa, hatari inakuwa ndogo kuanzia mara 1,250 kwa sekunde, na ukitaka kukaa salama kabisa ni 3,000. Mimi nimeuziwa ya mia mbili na ushee.

Halafu kuna uhuni mwingine. Laptop ya jina lile lile, modeli ile ile, inaweza kuwa na vioo vya viwanda tofauti. Yako ina BOE, ya jirani yako AUO, moja inacheza nyingine imetulia. Ukitaka kujua ingia Device Manager ya Windows, Monitors, kwenye Hardware Ids utakuta herufi za kiwanda na namba zake. Notebookcheck, tovuti ya kuchambua laptop, wanapima PWM kwenye kila laptop wanayoichambua, Mungu awabariki, lakini wamepima ile iliyofika mezani kwao.

Sasa hivi nafanyaje? Nimenunua monita kuukuu ya ofisini, inchi 22, 120,000. Nimeipiga picha kwa 1/2000 pale pale kwa muuzaji, imetulia kama maji ya mtungini. Laptop ya laki sita na nusu nimeifunika, imekaa pembeni kama king'amuzi, waya wa HDMI unatoka. Jicho limetulia. (Na ile taa ya tyubu ya zamani juu ya meza nimeing'oa, maana nayo kwa umeme wetu wa 50 Hz inacheza mara 100 kwa sekunde.) Ila mteja wa Mbagala akiniita dukani kwake niende na nini, nibebe monita kwenye mwendokasi?

Kwa hiyo Jumamosi hii naingia tena Kariakoo, natafuta ya tatu. Jumamosi iliyopita nilikwenda na kalamu, maana si kila duka linapenda upige picha. Unashusha mwanga wa kioo cheupe, unaipunga kalamu haraka mbele yake. Kioo kilichotulia, kalamu inaonekana ukungu mmoja laini. Kinachocheza, unaona kalamu nyingi zimejipanga kama vijiti vya feni. Kijana mmoja wa mtaa wa Aggrey akamwita mwenzake, "Njoo uone, mzee anaagua laptop." Niliagua kumi na moja. Mbili ndizo zilizotulia, zote inchi 15.6 za kioo cha vidoto 1366 kwa 768 tu, safu za Excel hazitoshi hata nusu.

Mwenye inchi 14, Full HD, kioo kisichong'aa kama cha kunyolea, na bei isiyozidi laki saba, ashushe mwanga hadi asilimia 20, apige kwa 1/2000, aweke picha hapa pamoja na namba ya kioo. Bila hiyo picha naomba usiniandikie "kioo safi mkuu, njoo PM".