Vidonge vya mafuta ya samaki vinazuia kweli ugonjwa wa moyo?

Swali:
Habari zenu wakuu. Mzee wangu ana presha, na tangu mdogo wake afariki kwa moyo hana raha, kila asubuhi anameza vidonge vya omega-3, yaani hayo mafuta ya samaki, na vitamini E, kikopo kiko kando ya kitanda wala haruki siku. Ila akikaa mezani anamwagia chumvi chakula kabla hata hajaonja, nikimwambia anasema moyo wake una kinga tayari. Hivyo vidonge vinasaidia kweli?

Jibu 1:
Pole sana mkuu. Kwa mtu ambaye bado hajaugua moyo sioni cha kutegemea hapo. Kuna utafiti wa Marekani unaitwa VITAL, majibu yalitoka 2018, watu zaidi ya 25,000 walifuatiliwa kama miaka mitano hivi, wengine wanapewa omega-3 gramu 1 kwa siku wengine kidonge kisicho na kitu, ukijumlisha mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya moyo hakukuwa na tofauti ya maana. Vitamini D waliipima humo humo, nayo vile vile. Vitamini E ndo kabisa, wala asiinunue tena.

Jibu 2:
Mi nimeshtuka kwenye chumvi. WHO wanataka isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na hapo imo hadi ile ya kwenye mkate na vyakula vya pakiti. Mke wangu alinipimia kijiko kimoja akakiweka kwenye kisahani, akaniambia hiyo ndo ya siku nzima, nami nilikuwa naapa situmii chumvi nyingi jamani, mchana haujafika kisahani cheupe. Mfanyie mzee hivyo, bila kumgombeza.

Jibu 3:
Naongezea, chumvi mbadala yenye potasiamu inasaidia kushusha presha lakini kama figo zina shida ni hatari, aulize daktari kwanza. Na omega-3 ya dozi kubwa inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Halafu dawa za presha zenyewe anakunywa?

Muuliza swali:
Nimetoka kumuuliza sasa hivi. Anasema anakunywa siku kichwa kikiuma, siku nyingine anaona vidonge vya samaki vinatosha. Nimeishiwa nguvu. Kesho asubuhi nampeleka kliniki, na hicho kikopo tunaenda nacho.