Tupeane uzoefu: ateri (mshipa unaopeleka damu kutoka moyoni) ikiziba, kila kiungo hulalamikaje?

Wakuu wa wodini na wa vipimo, leteni mnachokijua; visa vya wagonjwa tuviache. Naanza na hesabu: moyo wa mtu mzima aliyepumzika husukuma kama lita 5 za damu kwa dakika. Figo hupata takribani moja ya tano, ubongo karibu asilimia 15, misuli ya moyo yenyewe asilimia 5 hivi.

Kipenyo
Upana wa mshipa ukipungua nusu, mtiririko haupungui nusu. Shinikizo likiwa lilelile, hubaki kama moja ya kumi na sita! Kinachookoa ni ateri ndogo za mbele, ambazo hutanuka kufidia. Ndiyo maana mwenye ateri ya moyo iliyobanwa asilimia 70 hukaa bila shida, akipanda ngazi kifua kinambana, akipumzika kinaachia. Kikibana akiwa amekaa tu, au kisipoachia, hapo ni hospitali mara moja.

Zamu ya Usiku
Kweli mkuu, ila utando wa mafuta unaoua mara nyingi si ule mnene. Ni wenye ganda jembamba: likipasuka, chembe sahani (chembe za damu zinazogandisha) hurundikana na donge hufunga njia ghafla. Aspirini miligramu 300 hutafunwa, haimezwi nzima, ili iingie damuni haraka (asiwe na mzio nayo wala anatokwa damu).
Kiharusi ni habari nyingine. Mdomo ukipinda au mkono ukilegea, USIMPE aspirini kabla ya kipimo cha CT (picha ya ubongo), maana huenda mshipa umepasuka badala ya kuziba. Andika saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho. Dawa ya kuyeyusha donge kwa kawaida ina dirisha la saa 4 na nusu kuanzia hapo.

Dopla
Miguu inapimika kirahisi. Mlaze dakika 10, pima shinikizo la juu (namba ya juu ya presha) kwenye kifundo cha mguu na mkononi, gawanya la mguu kwa la mkono. 90 kwa 140 ni 0.64, kuanzia 0.9 kushuka, ateri imebanwa. Tahadhari kwa wenye kisukari: ateri iliyojaa chokaa haikandamiziki, jibu linatoka 1.4 na zaidi, mtu anaambiwa yuko salama. Hao pima kidole gumba cha mguu.

Kapilari
Ini tusilihofie sana, robo tatu ya damu yake huletwa na vena ya tumboni (mshipa unaotoka kwenye utumbo), si ateri. Utumbo ndio mjanja: maumivu makali mno, tumbo ukilibonyeza ni laini, na mapigo ya moyo hayana mpangilio. Shuku donge kwenye ateri ya utumbo.

Zamu ya Usiku
@Dopla, na mguu uliopoa ghafla, mweupe, wenye ganzi na usio na mapigo? Saa 6 hivi ndizo za kuuokoa. Usiuinue juu ya mto, usiukande kwa maji moto: ngozi isiyopata damu huungua upesi, na joto huongeza mahitaji ya oksijeni ambayo haifiki.